Siku Niliyomkanyagia Geresom

Niseme mapema, kabla Faraj hajaniwahi kwa mdomo wake ule: bakuli la Geresom nililivunja mimi. Si mti, si patasi, si shetani. Ni miguu hii yangu miwili, ya mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mwenye diploma ya useremala na watoto wanne, aliyefundisha wafungwa kutengeneza madawati miaka kumi na minane bila kuharibu kitu cha mtu kwa makusudi.

Nikiishia hapo mtadhani mimi ni mtu mbaya. Mimi ni mtu mzuri. Ulizeni mtaa wangu wote, Mafubira.

Kilabu chetu kilikuwa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kando ya barabara ya Iganga, kwenye uwa ulio nyuma ya duka la mbao la Zubairi. Kiliitwa Kilabu cha Wakereza. Mke wangu Nambozo aliposikia neno kilabu alikunja uso, maana kwetu kilabu ni chungu cha pombe katikati na mirija pande zote.

"Mama Shallon," nikamwambia, "hiki ni cha kukereza. Gogo linazunguka kwenye mashini, wewe unaligusisha patasi, mwisho linatoka bakuli."

"Na kwenye bakuli mnatia nini?"

Jumamosi moja nikampeleka akaone mwenyewe. Alikuta wanaume saba wenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, wanakunywa chai ya rangi na kubishana juu ya msasa. Hakuuliza tena.

Mashini yenyewe ilikuwa baiskeli. Bwawa la umeme liko hapo hapo Jinja, na nyaya zilipita juu ya vichwa vyetu zikienda kuwaangazia watu wa mbali, lakini kwenye uwa wa Zubairi hazikushuka. Basi tulikuwa na baiskeli kuukuu iliyofungwa kwenye mbao nne, gurudumu la nyuma limevuliwa tairi, mkanda unatoka pale kwenda kuzungusha gogo. Mmoja anakaa juu na kukanyaga, mwenzake anasimama mbele na patasi. Peke yako huwezi kitu.

Watu husifu mkono wa mwenye patasi, lakini bakuli ni la miguu. Ukichimba katikati unataka kasi. Ukifika ukingoni, ambapo mti umebaki mwembamba, mkanyagaji lazima apunguze. Asipopunguza, ukingo unatetemeka, patasi inanasa, na bakuli lako linakuwa kuni. Mkanyagaji mzuri hasubiri kuambiwa. Anasikiliza.

Ndiyo maana kilabu kilikuwa na sheria moja ya kuingilia: mgeni anakanyaga miezi mitatu kabla ya kushika patasi. Hata awe nani. Nilipojiunga mwaka wa tisini na tano nilikuja na cheti changu ndani ya bahasha, nikidhani labda watanipunguzia. Zubairi alikisoma chote, mpaka sahihi ya mkuu wa chuo, akakirudisha kwenye bahasha vizuri, akanionyesha kiti cha baiskeli.

"Karibu sana, Afande," akasema. "Panda."

Nilikanyaga miezi mitatu. Faraj, dereva wa pikapu ambaye alikuwa mwanachama wa kupiga kelele zaidi ya kukereza, alinipita kila Jumamosi akiuliza, "Bwana Diploma, hii ya leo ni ukurasa wa ngapi?" Nilicheka naye. Nyumbani Nambozo alinisugua mapaja kwa mafuta ya moto. Lakini nilimaliza, na nilipomaliza, Zubairi mwenyewe alipanda juu ya baiskeli ili anikanyagie bakuli langu la kwanza.

Hapo ndipo tulipokuwa jozi. Alikuwa Msoga mfupi, mwenyeji wa hapo, mwenye kanzu iliyofupishwa ili isinaswe na mnyororo, mnyamavu kama kufuli. Lakini akikanyaga na kazi ikienda vizuri, alianza kuimba puani, wimbo usio na maneno. Ukiusikia huo ujue mkono wako uko sawa. Wimbo ukinyamaza, simamisha patasi utazame. Kwa miaka miwili alinikanyagia mimi tu, akaniimbia mimi tu. Na likija gogo zuri la mfenesi, lile la njano kama siagi, aliliweka chini ya meza na gunia juu, akasema, "La Afande."

Sasa mjue kitu kingine. Mwaka wa tisini na nne serikali ilipunguza wafanyakazi, nami nikapunguzwa. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua. Lakini Mbale, kwetu, barua haikufika, ilifika habari tu, na habari ilipofika Namakwekwe, mtaa wa wakwe zangu, ilikuwa imeshakuwa nyingine. Shemeji yangu Wasike, kaka yake Nambozo, alikuwa akiwaambia watu nimefukuzwa kwa kuuza mbao za magereza. Alisema kwa huruma, akitikisa kichwa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mara tatu nilikwenda kwa wakwe, mara tatu nikakuta mazungumzo yanakatika nikiingia.

Geresom nilimleta mimi. Liandikeni na hilo. Alikuwa askari aliyerudishwa uraiani, mtu wa upande wa Teso, amepanga chumba jirani yangu Mafubira. Kutwa alikaa mlangoni akitazama barabara kama anayesubiri gari ambalo halijatengenezwa. Nikamhurumia. Nikamwambia, "Geresom, njoo Bugembe ukanyage baiskeli, utapata usingizi."

"Sawa, Afande," akasema. Kila kitu kwake kilikuwa sawa, Afande.

Alikanyaga wiki tatu. Sikilizeni vizuri: wiki tatu. Jumamosi ya nne nafika, namkuta Geresom amesimama mbele na patasi mkononi, na juu ya baiskeli, Zubairi.

"Miezi mitatu imeshaisha?" nikauliza nikicheka. Nilicheka sana, mpaka Faraj akanitazama.

"Mikono ya huyu," Zubairi akasema, "sikuweza kuisubirisha."

Yangu aliweza kuisubirisha. Nikakaa juu ya gunia nikatazama. Kusema kweli, na macho yangu ni mepesi kuona, sikuona kosa. Maranda yalitoka kwenye patasi ya Geresom marefu, bila kukatika, kama maganda ya chungwa la mtu mwenye subira. Na Zubairi akaanza kuimba. Wimbo wetu ule ule.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuhesabu vitu vidogo. Gogo la mfenesi chini ya meza: la nani? La Geresom. Chai: nani kamiminiwa kwanza? Ile hadithi ya Zubairi kuhusu babu yake na kiboko wa Ziwa, ambayo alinisimulia mimi baada ya mwaka mzima, Geresom alisimuliwa baada ya mwezi, tena kiboko alikuwa ameongezeka ukubwa. Nilirudi nyumbani nikimhadithia Nambozo yote, nani kasema nini, nani kamtazama nani. Alikuwa akichambua mboga. Akaacha.

"Baba Shallon, wewe unajisikia unavyosema?"

"Nini?"

"Una wivu kama mke mwenza. Bado kidogo utaniambia amemnunulia gauni la gomesi."

Tukacheka wote wawili. Yeye alicheka kwa furaha.

Katikati ya mwaka wa tisini na saba ikaja barua kutoka Mbale. Waandaaji wa maonyesho ya kilimo na ufundi walitaka kilabu kilete mashini, kikereze mbele ya watu. Nafasi ya watu wawili jukwaani: mwenye patasi na mkanyagaji. Mkanyagaji hakuna aliyebishania, ni Zubairi. Mwenye patasi, mimi nilijua ni nani. Kabla barua haijamaliza kusomwa nilikuwa nimeshamwona Wasike amesimama kwenye umati, anaona bakuli likizaliwa mikononi mwa mtu aliyefukuzwa. Nikaandika Namakwekwe siku hiyo hiyo: nakuja na mashini, waambieni na majirani.

Jumamosi iliyofuata Zubairi akasema, "Kuna Afande, na kuna Geresom. Washindane."

Kushindana kwetu kulikuwa hivi. Kila mmoja anakereza bakuli moja, kisha tunaliweka kwenye beseni la maji. Bakuli ambalo unene wake uko sawa pande zote linakaa wima kama mtoto mwenye adabu. Lenye upande mzito linainama. Zubairi aliita kutawadha, sisi Wakristo tuliita ubatizo, lakini hukumu ilikuwa moja. Na ili mtu asiseme mkanyagaji kapendelea, sheria ilikuwa mshindani anamkanyagia mshindani mwenzake. Wewe unakuwa miguu yake, kisha yeye anakuwa miguu yako. Sheria hiyo ilikuwepo kabla yangu, na haikuwahi kuleta shida. Hakuna aliyewahi hata kuwaza kwamba ingeleta shida.

Nikaanza mimi. Geresom akapanda, akavua kofia, akaitundika kwenye usukani.

"Afande, mimi nafuata wewe. Wewe usijali miguu."

Sijawahi kukanyagiwa vile. Naapa, hata Zubairi hakuwahi. Kabla sijataka kasi, kasi ilikuwepo. Kabla sijafika ukingoni, alikuwa ameshapunguza, taratibu, kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mgonjwa. Nilikereza bakuli ambalo silijui lilitoka wapi. Likawekwa kwenye beseni. Likainama kidogo sana, unene wa ukucha, likatulia. Faraj akapiga mluzi.

"Sasa Geresom," Zubairi akasema.

Nikapanda. Nikakanyaga vizuri. Nataka mjue kwamba nilianza vizuri, nilikanyaga kwa haki kabisa, nje yote na ndani karibu yote. Geresom alikuwa amefika ukingoni. Ukingo ulikuwa mwembamba mpaka mwanga wa mchana ulionekana ndani ya mti, njano, kama taa nyuma ya pazia. Hapo Zubairi akasogea, akainama karibu ya bega la Geresom, akasema polepole, "Mashallah." Halafu akaanza kuimba. Hakuwa juu ya baiskeli. Hakuwa na kazi yoyote. Alikuwa amesimama tu, anaimba.

Sikukata shauri lolote. Miguu ndiyo iliyokata. Nilikanyaga mara nne, labda tano, kwa nguvu zangu zote.

Ukingo ulilia, patasi ikanasa, bakuli likapasuka vipande vitatu. Kimoja kilimpiga Geresom juu ya jicho. Damu ikashuka mpaka kwenye kola.

"Pole! Pole!" mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. "Mguu umeteleza! Jamani, pedali ina mafuta!"

Geresom alijifuta kwa kiganja, akatazama vipande chini.

"Hapana, Afande. Mkono yangu ndio imekosa. Nilibana sana."

"Pole, ndugu yangu."

"Sawa, Afande."

Zubairi aliokota vile vipande vitatu, akavipanga pamoja kwenye kiganja, akavitazama. Halafu akaenda kuleta dawa na plasta. Alipopita karibu ya baiskeli, aligusa pedali kwa kidole kimoja, akakitazama kidole. Niliona. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Basi nikawa mimi wa kwenda Mbale. Wiki mbili hizo nilichekesha watu Bugembe kuliko miaka yote, mpaka tumbo langu mwenyewe likauma. Zubairi alinijibu nilipomsemesha. Aliweka gogo la mfenesi chini ya meza, lakini hakusema la nani.

Tulipakia mashini kwenye pikapu ya Faraj alfajiri. Geresom naye alikuja, na plasta yake juu ya jicho. "Mimi nabeba beseni," akasema. "Maji ya Mbale ni nzuri." Kiwanja kilikuwa chini ya Wanale, ule mlima unaosimama nyuma ya mji kama ukuta. Watu walikuwa wengi, na Namakwekwe yote, nadhani, ilikuwepo. Nambozo alikuwa ametangulia siku moja kabla. Nilimwona amevaa gomesi ya kijani. Mama mkwe alikaa nyuma yake, mwavuli umemfunika uso, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, lakini mwavuli ulikuwa na tundu na nilijua tundu hilo ni la nini. Na mbele kabisa, mikono kifuani, Wasike.

"Shemeji!" akaita. "Tumekuja kuona. Walisema umerudi kwenye mbao."

Watu wawili wakacheka. Neno mbao alikuwa amelisema kwa namna yake.

"Ngoja uone, shemeji," nikajibu. "Leo utapeleka bakuli nyumbani."

Zubairi alikuwa ameshapanda. Nikafunga gogo, nikashika patasi, nikamwinamia kumwambia tuko tayari. Akasema kwa sauti ndogo, ya kunifikia mimi tu:

"Afande. Siku ile ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Siku gani?"

"Nimekanyaga miaka kumi na moja. Mguu ukichoka, unapunguza. Mguu ukiteleza, mnyororo unalegea, unausikia. Wako uliongeza." Akanyoosha kanzu yake juu ya goti. "Na pedali ilikuwa kavu."

Nilitafuta utani. Mimi siku zote nina utani, hata msibani naombwa nipunguze. Nilitafuta huku na huku, sikupata hata mmoja.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Si mimi wa kumwambia. Leo nitakukanyagia, watu tumewaahidi. Kuimba ndiko siwezi."

Akaanza. Alikanyaga sawasawa, bila kosa, kama saa ya ukutani. Nikaligusisha gogo patasi, maranda yakaanza kuruka, watu wakasema aaah, Wasike akasogea hatua moja. Kila kitu nilichokitaka kilikuwa pale. Mkono wangu ulikuwa sawa au haukuwa sawa? Sikujua. Nilisikiliza, nikasikia mnyororo tu na watu. Nilikereza nje, nikaanza ndani, nikafika karibu ya ukingo, naye akapunguza pale pale panapotakiwa, kwa uaminifu kabisa, mtu anayejua nilichofanya. Hapo nikainua macho, nikamwona Geresom upande wa pili wa jukwaa, ameshika beseni la maji kwa mikono miwili, amelishika wima kabisa lisimwagike, anasubiri bakuli langu. Plasta ilikuwa imeanza kubanduka.

Nikaondoa patasi.

"Shuka, Zubairi," nikasema.

"Nini?"

"Shuka, bwana. Tafadhali."

Akashuka. Umati ukanung'unika. "Imeharibika?" mtu akauliza. Nikaiweka patasi juu ya meza, nikazunguka, nikapanda mimi juu ya baiskeli. Kutoka pale juu unaona watu wote. Niliuona mpaka mwavuli na tundu lake.

"Jamani," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, "hapa sikutakiwa kusimama mimi. Alitakiwa yule pale mwenye beseni. Nilimkanyagia kwenye mashindano, bakuli lake lilikuwa linaelekea kulishinda langu, nikaongeza mwendo kwa makusudi likapasuka. Lile jeraha juu ya jicho lake ni kazi yangu. Pedali haikuwa na mafuta."

Wasike akageuka kumtazama Nambozo, na nilijua kwamba jioni hiyo Namakwekwe watakuwa na hadithi mpya, na safari hii itakuwa ya kweli. Nambozo aliweka kiganja mdomoni. Hata Faraj, ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa anatazama gurudumu la pikapu yake.

Geresom hakusogea. Beseni lilikuwa mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza maji yalikuwa yanacheza.

Nikaanza kukanyaga. Polepole, mwendo wa ukingoni. Bakuli la nusu likazunguka peke yake, hakuna aliyeligusa, na patasi iko mezani, mpini umeelekea upande wa Geresom.

"Geresom," nikasema. "Ndugu yangu. Njoo ulimalize wewe. Mimi nitafuata mkono wako, usijali miguu. Nakuomba, njoo ushike patasi."

Nilikanyaga. Nikamwomba tena, kwa sauti ya chini. Mnyororo ulikuwa unalia, naye Geresom alikuwa anayatazama yale maji.